Praima Juu ya Kutu

Ripoti ya daktari ilikuwa na kurasa mbili tu. Inspekta aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa karakana, maana alijua akishakaa, mgongo hautamruhusu kuinuka upesi. Ukurasa wa kwanza aliupitia juujuu: moyo wa marehemu ulikuwa mbovu, ugonjwa wa siku nyingi. Ukurasa wa pili aliusoma mara mbili, akaukunja, akautia mfukoni mwa shati.

"Tunafunga, afande?" aliuliza Sajini. Faili alikuwa nalo kwapani na kalamu mkononi. Asubuhi ile Mkuu wa kituo alikuwa amewaambia kwamba jua lisizame kabla faili halijaandikwa ajali ya kazini na kurudishwa kabatini.

"Nipishe kwanza," Inspekta alisema, akaingia.

Ilikuwa Jumatano. Marehemu alifariki Jumamosi na alizikwa jana yake. Maisha yake yote alikuwa amefundisha ufundi wa chuma shuleni, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Mwalimu. Miaka kumi na moja alikuwa akiunda ndege ya viti viwili kwa mikono yake nyuma ya nyumba yake. Watu walimcheka miaka miwili ya mwanzo, wakazoea, na mwishoni wakawa wanawaleta wageni wao kuiangalia. Sasa kiwiliwili cha ndege kilikuwa kimekaa katikati ya karakana bila mabawa, kama samaki aliyeparwa magamba. Bawa la kushoto lilikuwa limelazwa juu ya meza ndefu, tumbo wazi. Kwenye waya uliotoka ukutani hadi ukutani zilining'inia mbavu za bawa, vipande vyepesi vya alumini vilivyokunjwa kingo, vyote vimepakwa praima, rangi ya kwanza ya kukinga kutu, ya kijani iliyoelekea manjano.

"Hesabu hizo mbavu," Inspekta alisema.

"Kumi na mbili."

"Ziangalie vizuri. Zote ni sawa?"

Sajini alizipitia moja moja. Alikuwa na macho makali na subira ndogo, na kazi ilikuwa inamfundisha kuiongeza hiyo subira. "Tisa zimepakwa nyembamba. Unaona mpaka mikwaruzo ya msasa kwa chini. Hizi tatu rangi imechuruzika, imeganda kama nta ya mshumaa."

"Andika."

Inspekta alipiga goti moja sakafuni, taratibu, akishikilia mguu wa meza. Jumamosi askari wa zamu alikuwa amepiga picha nne, akaandika kwamba marehemu alikutwa chali, barakoa ikiwa shingoni, feni imezimwa na mlango umefungwa, na akahitimisha kwamba amelewa mvuke wa rangi. Hakuandika neno juu ya sakafu. Na sakafu ilikuwa na mambo. Saruji yote kandokando ya meza ilikuwa na ukungu mwembamba wa kijani, vumbi la rangi lililoelea hewani likatua. Lakini mahali pamoja palikuwa safi, na mahali hapo palikuwa na mabega, na kiuno, na miguu miwili iliyoachana kidogo.

Sajini alichuchumaa kando yake. "Ni yeye huyo."

"Ndiye. Sasa niambie."

"Kama angekuwa amesimama anapuliza rangi kisha akaanguka, angeangukia juu ya vumbi. Hapa chini pangekuwa pachafu kama kwingine." Aliinama karibu zaidi. "Alikuwa ameshalala wakati rangi inapulizwa."

"Na aliyelala chali hapulizii mbavu zilizo juu ya waya."

Inspekta alimwomba mfuko wa vielelezo. Ndani yake mlikuwa na barakoa ya marehemu, ile ya mpira yenye vichujio viwili, pamoja na shati lake. Barakoa ilikuwa safi nje na ndani. Kola ya shati ilikuwa na vumbi la kijani pande zote, hata pale ambapo mkanda wa barakoa ulikuwa umepita.

"Amevishwa baadaye," alisema Sajini.

"Andika na hilo. Halafu nisaidie niinuke."

*

Mjane aliwapokea jikoni. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyenyooka, na macho yake yalikuwa makavu, ya mtu aliyemaliza machozi kabla wageni hawajaondoka. Aliwakaribisha viti. Inspekta alikataa kwa adabu, akaegemea mlango.

"Baba, mimi nataka kuuliza kitu kimoja kabla hamjaniuliza nyinyi," mjane alisema. "Watu wanasema amejiua kwa uzembe. Jana makaburini nimesikia kwa masikio yangu, mtu anamwambia mwenzake, mzee mzima anapuliza sumu na feni imezimwa. Ni kweli?"

"Bado sijajua, mama. Ndiyo maana nimerudi. Alikuwa anafanyaje akitaka kupaka rangi? Hatua kwa hatua."

Mjane alicheka kidogo kwa pua. "Miaka kumi na moja, ningeweza kupaka mimi. Anasugua bati kwa msasa laini mpaka mng'ao wake ufifie. Anaosha kwa sabuni, anasuuza. Kisha anamwagia maji na kusimama kuyatazama. Maji yakitandaa kama kioo, bati ni safi. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta, anaanza upya. Hata nikimwita chakula kinapoa, anaanza upya. Sahani zangu hazijawahi kuoshwa namna ile. Halafu glavu, barakoa, anawasha feni, ndipo anachanganya rangi. Kila kikopo anabandika karatasi, anaandika siku na saa, maana ikishachanganywa inakuwa na muda wake, baada ya hapo inaharibika."

Sajini alimwangalia Inspekta. Kikopo cha Jumamosi kilikuwa ndani ya mfuko wa vielelezo, rangi imekauka ndani yake. Hakikuwa na karatasi yoyote.

"Jumamosi wewe hukuwepo."

"Niliondoka saa moja asubuhi kwenda kliniki ya presha. Foleni ile mnaijua. Nilirudi saa sita, nikamkuta." Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Ila Ijumaa usiku hakula vizuri. Nilimuuliza, akasema amekuta jambo baya. Akasema, kesho anakuja hapa, nitamuuliza uso kwa uso."

"Nani anakuja?"

"Hakutaja. Mimi nilijua ni Dobi wa hapo nyuma. Wamegombana mwaka mzima kwa ajili ya hiyo rangi. Mwezi uliopita alitishia kuja kuikata hiyo kompresa, mashine inayopuliza rangi, kwa shoka."

"Mbona hukumwambia askari Jumamosi?"

"Hakuniuliza," alisema mjane.

*

Dobi alikuwa na uwanja wake nyuma ya ukuta wa matofali uliokwenda juu kupita kichwa cha mtu. Kamba sita za nguo zilikuwa zimejaa mashuka ya nyumba ya wageni. Alikuwa jamaa mfupi mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji, na alipoona sare ya Sajini alianza kujitetea kabla hajasalimiwa.

"Shoka sina! Mje mpekue. Nilisema kwa hasira, na hasira yangu ni ya mdomoni tu, muulizeni mke wangu."

"Shikamoo kwanza," alisema Sajini.

"Marahaba, mwanangu. Samahani. Afande, karibuni. Lakini mimi sikumgusa yule mzee."

"Jumamosi ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Hapa. Ningekuwa wapi? Nina mashuka arobaini kila Jumamosi." Alizama ndani ya kibanda chake akatoka na shuka moja, akalikunjua mbele yao kama mtu anayeonyesha jeraha. Upande mmoja ulikuwa mweupe. Upande wa pili ulikuwa na vitone vya kijani, vidogo kama mbegu za ufuta, mamia kwa mamia. "Haya madoa nayo? Nimefua mara tatu. Hayatoki. Haya ndiyo ya Jumamosi."

Inspekta alilichukua shuka akalisogeza kwenye mwanga. Uchovu ulimtoka usoni kidogo. "Uliyaanika mashuka saa ngapi?"

"Saa tatu kamili. Najua, maana redio ilikuwa inaanza habari. Nilipoyaanika hapakuwa na harufu wala mlio. Baadaye kidogo nikasikia kompresa inanguruma, na feni yake ile ya ukutani ikaanza kunipulizia ule uchafu moja kwa moja. Nikasema, leo mzee huyu amenipania. Kila siku alikuwa ananijulisha akitaka kupaka, nitoe nguo kwanza. Hilo tulishakubaliana. Jumamosi hakuniambia kitu."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga kelele ukutani. Nikamwita jina lake, la wazazi wake sikulitaja, namheshimu. Kimya. Kompresa inaendelea, muda mrefu tu." Dobi alishusha sauti. "Ila nilimsikia anakohoa."

Sajini aliacha kuandika. "Anakohoa vipi?"

"Kukohoa. Kwa shida, kama mtu kapaliwa. Mara nyingi tu, halafu kimya, halafu tena. Mimi nikasema moyoni, kohoa, na wewe uionje hiyo rangi yako." Alifuta mikono kwenye shati. "Nilisema hivyo, afande. Mungu anisamehe. Baadaye kompresa ikanyamaza, na feni nayo ikazimwa. Nikajua amenisikia, ameona aibu. Nikaanua nguo zangu. Saa sita ndiyo nasikia mama anapiga ukunga."

"Feni ilizimwa wakati unasikiliza? Una hakika?"

"Ile feni inapiga kelele kama gari bovu. Ikizimwa hata kuku wanajua."

Inspekta alimwomba shuka. Dobi alimpa bila kudai karatasi ya kupokelea. Walipokuwa wanatoka, aliwafuata hadi langoni akiuliza kama kuruka ukuta siku ile kungesaidia. Sajini alifungua mdomo amjibu, Inspekta akamshika kiwiko, wakaondoka.

Garini Inspekta alikaa dakika nzima kabla ya kuwasha injini. Alitoa ripoti mfukoni, akamwonyesha Sajini mstari aliousoma mara mbili. Daktari alikuwa amekuta chembe za rangi ya kijani puani mwa marehemu, kooni, na ndani ya njia ya hewa hadi kifuani.

"Alikuwa anapumua," alisema Sajini.

"Alikuwa anapumua, amelala chini, na mtu amesimama juu yake anapaka rangi. Mtu anayejua kuwasha kompresa, kuchanganya rangi, na kuzima feni ili tudhani ni mvuke. Dobi hata kuchanganya juisi hawezi." Alikuna kidevu ambacho hakikunyolewa. "Lakini mbona apake? Ukitaka kumwacha mtu afe unatoka, unafunga mlango. Huyu alibaki akafanya kazi."

"Mbavu zile tatu."

"Mbavu tatu ni dakika tano. Dobi amesema muda mrefu. Turudi kwenye lile bawa."

*

Katikati ya bawa lililolala mezani ilipita boriti kuu, mhimili wa alumini unaobeba uzito wote ndege ikiwa angani. Ribiti kadhaa, vijisumari vya kubania mabati, zilikuwa zimetolewa na bati la juu limeinuliwa, kwa hiyo boriti ilionekana. Rangi yake iling'aa. Ilikuwa mbichi kuliko kila kitu kingine mle ndani, na ilikuwa nene.

Sajini alitumia ncha ya kisu. Rangi haikukwaruzika kama rangi iliyoshika. Ilibanduka gamba zima, na chini yake pakamwagika unga mweupe kama wa chokaa.

"Chumvi?"

"Kutu. Alumini haioti kutu nyekundu, inaoza nyeupe." Inspekta alijua hilo kwa sababu asubuhi ile alikuwa amempigia simu fundi wa uwanja wa ndege kuuliza praima ni ya nini, kabla hajanywa chai. "Mtu amepaka praima juu ya kutu. Hakusugua wala hakuosha."

Daftari la kazi lilikuwa rafuni. Mwalimu alikuwa ameandika kila siku ya miaka kumi na moja, mwandiko wa ubaoni, ulionyooka. Ukurasa wa Ijumaa haukuwepo, umechanwa hadi mshononi. Inspekta hakuhangaika nao. Alirudi nyuma mwezi baada ya mwezi, akilamba kidole, hadi akafika miaka miwili nyuma. Hapo mwandiko ulibadilika kwa wiki tatu. Juu yake Mwalimu alikuwa ameandika: *Nipo hospitali, macho. Kazi inaendelea na R.* Chini, kwa mwandiko mwingine wa haraka: *Boriti ya kushoto: imesuguliwa, imeoshwa, imepakwa. R.*

"R ni nani, mama?" alimuuliza mjane aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Rubani," mjane alisema. "Shemeji yangu wa hiari. Rafiki yake tangu ujana. Hajawahi kurusha hata tiara, ni fundi tu wa ndege za watu, akipanda anatapika. Ndiyo maana mume wangu alimpa hilo jina." Kisha uso wake ukabadilika polepole. "Jana ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa."

*

Rubani aliletwa kituoni saa nane na nusu mchana. Alikuwa mtu mkubwa, mpole wa sura, mwenye shati lililopigwa pasi. Alikaa kwenye kiti cha mbao cha chumba cha mahojiano akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Miwani mpya?" Inspekta aliuliza, akijimiminia chai iliyopoa.

"Nimeichukua Alhamisi iliyopita. Bado haijanizoea, au mimi sijaizoea."

"Yangu ilinichukua mwezi. Nilikuwa najikwaa ngazini." Inspekta alivuta kiti. "Pole kwa msiba, mzee."

"Ahsante. Yule alikuwa kaka yangu. Si wa tumbo moja, lakini hakuna tofauti."

"Mara ya mwisho kufika karakana ni lini?"

"Mwishoni mwa mwezi uliopita. Tulipaka zile mbavu tisa. Baada ya hapo mafua yalinishika, nikawa sitoki."

"Jumamosi?"

"Nilikuwa kitandani. Nililetewa habari saa saba mchana."

Sajini aliandika. Inspekta alikunywa chai, akakunja uso, akaisogeza pembeni.

"Zile mbavu tisa mmezipaka vizuri. Nyembamba. Nani alipaka?"

"Yeye. Mimi mkono wangu mzito, alikuwa ananisema kila siku."

"Ehe." Inspekta alinyoosha mkono. "Hebu niazime miwani yako."

Rubani alisita, akaivua. Inspekta aliigeuzageuza chini ya taa ya mezani. Vioo vilikuwa vimesuguliwa vikatakata. Lakini kwenye bawaba, pale mikono ya miwani inapokunjwa, ndani ya meno ya skrubu, palikuwa na rangi ya kijani iliyoelekea manjano, imeganda.

"Alhamisi iliyopita umechukua miwani," alisema kwa sauti ile ile ya uchovu. "Na karakana hujaikanyaga tangu mwezi uliopita. Sasa praima hii imeingilia wapi humu?"

Bila miwani uso wa Rubani ulionekana uchi.  Nje ya dirisha mtu alikuwa anabishana na askari wa kaunta juu ya baiskeli iliyopotea, na kwa muda mrefu mle ndani ilisikika baiskeli tu.

Sajini aliweka karatasi mezani, akaikunjua. Ndani yake mlikuwa na gamba la rangi na unga mweupe.

"Boriti ya kushoto," Inspekta alisema. "Imesuguliwa, imeoshwa, imepakwa. Sivyo ulivyoandika?"

Rubani aliinamisha kichwa. "Nilikuwa na haraka," alisema. "Wakati ule alikuwa hospitali. Nilikuwa na kazi tatu kwa mpigo. Nikasema bati ni jipya, linang'aa, nani atajua? Nikapaka moja kwa moja, mafuta ya vidole na jasho vyote chini ya rangi. Yeye asingefanya hivyo hata kwa bakuli la mbwa."

"Na Ijumaa akakuta."

"Alikuta rangi imevimba mahali, akang'oa ribiti, akaona. Akaniita. Nilifika saa tatu kasoro. Hakunigombeza, afande. Afadhali angenitukana. Alinionyesha tu kwa kidole, akaniuliza, nyingine ulizozifanya ni zipi? Nikamwambia hakuna. Akasema unasema uongo, akachukua daftari. Nikamnyang'anya. Tukavutana kidogo tu. Akashika kifua, akakaa chini, akalala." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilimtikisa. Nilimwita. Hakuitika. Nikajua amekufa."

"Hospitali iko umbali gani pale?"

"Dakika kumi."

"Ukawasha kompresa."

"Nilidhani amekufa! Nikasema, wakija watu wataliona hilo bawa, watauliza. Niifunike kwanza ile boriti. Basi. Nikapaka, halafu nikapaka na mbavu ili ionekane alikuwa kazini. Nikamvisha barakoa. Nikazima feni. Sikumgusa kwa ubaya, naapa. Alikuwa maiti."

Inspekta alimrudishia miwani, akangoja hadi akaivaa.

"Dobi alikuwa ng'ambo ya ukuta," alisema. "Kompresa inanguruma na feni inapiga kelele. Alimsikia Mwalimu akikohoa. Mara nyingi. Wewe ulikuwa hatua mbili."

 Rubani alitazama mikono yake mikubwa kana kwamba ameazimwa. Shingo yake iliporomoka polepole hadi kidevu kikagusa kifua.

"Nilijua nikigeuka nitamwona," alisema mwishowe. "Kwa hiyo sikugeuka."

Sajini aliandika maneno hayo neno kwa neno, na kalamu yake ilikwaruza karatasi zaidi ya ilivyotakiwa.

 Inspekta alikuwa ameinuka tayari, mkono mmoja kiunoni. "Alikuuliza swali, nami nakuuliza hilo hilo. Nyingine ni zipi? Kazi tatu kwa mpigo, umesema mwenyewe."

"Mbili," alisema Rubani. "Mkulima mmoja wa kahawa, yake iko bandani, injini imetolewa. Na Daktari wa Meno, boriti ya kushoto pia. Yake inaruka."

"Inaruka lini?"

Rubani aliangalia saa ya ukutani. "Kila Jumatano saa tisa na nusu. Anamfundisha binti yake."

Ilikuwa saa tisa na robo.

*

Simu ya uwanja mdogo wa ndege iliita mara kumi na moja kabla ya mlinzi kuipokea. Inspekta alimwambia asikate, asiulize, atoke mbio akasimame mbele ya ndege. Mlinzi akasema ndege yenyewe ishaanza kutembea. Inspekta akasema basi akimbie zaidi. Simu ikaangushwa juu ya kitu kigumu, na kwa mbali ikasikika injini ndogo ikipanda sauti, ikipanda, ikipanda. Sajini alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Kisha injini ikashuka, ikakohoa mara mbili, ikazima, na mtu akaanza kutukana kwa sauti ya mtu aliyesoma sana.

Walifika baada ya dakika ishirini. Daktari wa Meno alikuwa bado anafoka. Alikuwa na koti la ngozi, na mlinzi alikuwa amesimama mbali naye, mikono kiunoni, akihema. Binti, wa miaka kumi na tisa hivi, alikuwa amekaa juu ya nyasi karibu na gurudumu, vifaa vya masikioni vikiwa shingoni.

"Nimeruka nayo mara arobaini na sita!" Daktari alisema. "Kitabu kinaonyesha. Mna ruhusa ya nani?"

"Tukikuta ni nzima nitakuomba radhi mbele ya binti yako," Inspekta alisema. "Fundi atoe ribiti nne tu. Hapo, mzizi wa bawa la kushoto."

Fundi wa uwanja alileta drili. Ilichukua muda. Upepo mwepesi ulikuwa unavuka njia ya kurukia. Ribiti ya nne ilipotoka, fundi aliinua ncha ya bati, akamulika kwa tochi, akatia bisibisi. Hakusukuma kwa nguvu. Bisibisi ilizama kwenye boriti kama inazama kwenye mkate uliolowa, na unga mweupe ukamwagika juu ya viatu vya Daktari.

Fundi alizima tochi. "Hii isingetua leo," alisema.

Daktari alitazama viatu vyake. Kisha alikwenda akakaa juu ya nyasi kando ya binti yake, bila kujali koti lake la ngozi, akamshika mkono kama vile mtoto ni yeye. 

"Afande," alisema. "Aliyeligundua hili ni nani? Naomba unipeleke kwake. Leo hii. Nataka nimshukuru kwa mdomo wangu."

Inspekta alikuwa ameegemea mkia wa ndege, macho yamefumba nusu. Aliyafumbua.

"Alizikwa jana," alisema. "Lakini mke wake yupo. Ingia garini, nitakupeleka."